Filamu Fupi na Ionyeshwe Hadharani

Wako watu ambao wakisikia neno filamu hudhani lazima kiwe kitu cha saa mbili, chenye bunduki, motokaa zinazofukuzana, na arusi mwishoni. Ukiwaambia kwamba iko filamu ya dakika saba hucheka, kama kwamba umewapa habari za ng'ombe asiye na miguu. Jambo hili limeleta mabishano katika shule yetu muhula huu, na kwa kuwa gazeti letu husomwa na wanafunzi, na walimu, na wazazi wanaoletewa nyumbani, nimeona hapa ndipo pahali pa kulisema waziwazi. Maoni ni yangu mwenyewe. Mkuu wa Shule hakunituma, wala hakunikataza.

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Filamu fupi si kipande kilichokatwa katika filamu ndefu, wala si kazi ya mtu aliyeishiwa fedha katikati ya safari. Chama cha Marekani kitoacho tuzo za Oscar huhesabu kuwa fupi filamu yo yote isiyozidi dakika 40, lakini nyingi zilizo nzuri hazifiki hata nusu ya hizo. Wale wanaosoma Fasihi watanielewa nikisema kwamba ni kama shairi la beti tano mbele ya utenzi wa beti mia tano. Hakuna asemaye kwamba shairi ni utenzi uliodumaa. Na nikisema filamu ya kujitegemea, nina maana ya ile ambayo haikuagizwa na serikali wala na kampuni ya sabuni. Mtungaji wake ndiye aliyetafuta fedha, kwa kukopa na kuchangisha, naye hajui kama zitarudi. Mara nyingi hazirudi.

Majumba ya sinema hayazitaki filamu za namna hii, maana moja peke yake haijazi jioni, na mtu hawezi kulipa nauli na kiingilio kwa ajili ya robo saa. Hiyo ndiyo sababu yakawako matamasha. Filamu kumi au kumi na tano hufungwa pamoja kama kuni za mzigo mmoja, watu wakakaa kuzitazama, kisha yule aliyeitengeneza akasimama mbele yao na kuulizwa maswali. Naomba msomaji alishike hilo la mwisho, la mtu kusimama na kuulizwa, kwa sababu ndilo jambo hasa ninalotaka kulitetea.

Wanafunzi wetu wengi hawajui kwamba filamu fupi zilitengenezwa katika milima hii tunayoiona kutoka uwanja wa mpira, kabla babu zao hawajazaliwa. Huko Vugiri, juu ya Korogwe, kati ya mwaka wa 1935 na 1937, Waingereza wawili, Notcutt na Latham, walisimamia kazi iliyoitwa Bantu Educational Kinema Experiment, kwa fedha zilizotoka hasa katika shirika la Carnegie la Marekani. Walitengeneza filamu zipatazo 35. Ziliigizwa na Waafrika, na habari zake zilikuwa malaria ya watoto, safura, kilimo, ngozi, chai, na faida ya kuweka akiba katika benki ya posta. Sauti ilitiwa katika santuri. Vyombo vyote vilipakiwa katika lori, likazunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, na hata nchi ambazo leo ni Malawi na Zambia. Usiku ulipoingia palitundikwa kitambaa cheupe, na watu wakakusanyika.

Sipendi kuidharau kazi ile. Safura ilikuwa inaua damu ya watu kweli, na mtu akifundishwa kuchimba choo hakosi faida. Notcutt na Latham waliandika kitabu mwaka wa 1937, na humo walieleza jinsi watazamaji walivyozipokea filamu zao. Lakini watazamaji hao hawakuwa na sauti juu ya jambo gani lionyeshwe na lisemwe vipi. Filamu ilisema, watu wakasikiliza, lori likaondoka. Sehemu kubwa ya filamu hizo imekwisha kupotea. Chache zimehifadhiwa Uingereza, na moja katika hizo ni ile ya safura. Kwa hiyo mjukuu wa aliyeigiza Vugiri akitaka kuiona sura ya babu yake kijana, huenda ikampasa aiombe London.

(Kwa kupita tu: mwaka wa 1952 ilitoka filamu iliyoitwa Muhogo Mchungu, na mmoja wa waigizaji wake alikuwa Rashidi Kawawa, ambaye miaka 10 baadaye alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Wale wazazi wanaosema kwamba mchezo wa kuigiza humharibu kijana na wafikirie hilo.)

Mambo yalibadilika Waafrika walipoishika kamera wenyewe. Ousmane Sembène wa Senegal alikuwa mpakuzi wa mizigo katika bandari ya Marseille kabla ya kuwa mwandishi wa vitabu. Vitabu vyake aliviandika kwa Kifaransa, akaona kwamba watu anaowaandika hawawezi kuvisoma. Ingawa alikuwa mtu mzima wa karibu miaka 40, alikwenda Moscow kujifunza kutengeneza filamu. Mwaka wa 1963 akatoa Borom Sarret, filamu ya dakika zipatazo 20, habari za mtu mwenye mkokoteni wa farasi katika mji wa Dakar. Siku nzima mtu huyu anabeba watu, na wengi hawamlipi. Anambeba baba mwenye maiti ya mtoto mchanga hadi makaburini, na mlangoni baba anakataliwa kwa kuwa karatasi zake si sawa. Mwishowe anampeleka bwana mmoja aliyevaa vizuri katika mtaa wa wakubwa, ambako mikokoteni hairuhusiwi, na askari anamnyang'anya mkokoteni wake. Anarudi nyumbani mikono mitupu. Mkewe anampa mtoto amshike, anatoka, na kumwambia kwamba usiku huo watakula. Filamu inakwisha hapo. Hatuambiwi mke anakwenda wapi kutafuta chakula, na kila mtazamaji hubaki na swali hilo kifuani kama mwiba.

Fikirini sasa: filamu kama ile, isiyo na mchezaji mashuhuri wala rangi, ingeonekana wapi? Ilionyeshwa katika tamasha la filamu fupi la mji wa Tours, Ufaransa, na huko ikapata tuzo. Ndipo watu walipolijua jina la Sembène. Matamasha ya namna hiyo yalikuwa yameanza kuota Ulaya, na asili ya moja itawapendeza walimu wenzangu. Oberhausen, katika Ujerumani, ulikuwa mji wa makaa ya mawe na viwanda vya chuma, mji wa moshi ambao mtalii hakuwa na haja nao. Mwaka wa 1954, Hilmar Hoffmann, aliyekuwa akiongoza shule ya elimu ya watu wazima katika mji huo, alianzisha tamasha la filamu fupi. Tangu mwaka wa 1958 wito wake ukawa Njia ya Kumfikia Jirani. Maneno hayo hayakuwa pambo. Ulaya wakati ule ilikuwa imegawanyika vipande viwili vilivyokuwa vikitazamana kwa mizinga, na Oberhausen palikuwa pahali ambapo Mjerumani wa Magharibi aliweza kukaa kitini na kuiona filamu ya Mpolandi au ya Myugoslavia. Mwaka wa 1962, katika tamasha hilohilo, watengenezaji filamu 26 walitia sahihi tangazo kwamba sinema ya zamani ya Ujerumani imekufa na kwamba wao wako tayari kuanzisha mpya. Walipoulizwa ushahidi, walizionyesha filamu zao fupi. Huko Clermont-Ferrand, Ufaransa, wanachama wa klabu ya sinema ya chuo kikuu waliandaa juma moja la filamu fupi mwaka wa 1979. Leo tamasha lao ndilo kubwa kupita yote ya filamu fupi duniani.

Afrika nayo haikulala. Carthage, nchini Tunisia, walianza mwaka wa 1966, na Ouagadougou mwaka wa 1969. Kwetu sisi tamasha la Zanzibar lilionyesha filamu kwa mara ya kwanza mwaka wa 1998, katika Ngome Kongwe, ile iliyojengwa na Waarabu wa Oman baada ya Wareno kufukuzwa. Mtu hukaa juu ya ngazi za mawe, nyota juu yake, na upepo wa bahari ukivuma. Tuzo kuu huitwa Jahazi la Dhahabu. Jambo lililonipendeza kupita yote ni kwamba wakati fulani tamasha hilo lilichukua filamu na kuzipeleka vijijini Unguja na Pemba. Lori la Vugiri nalo lilikwenda vijijini, lakini hili la pili lilibeba filamu zilizotungwa na watu wa pwani hizi na jirani zao.

Je, vijana wanaweza kutengeneza kitu cha maana? Mnamo Desemba 2015 wauaji wa Al-Shabaab waliliteka basi lililokuwa likienda Mandera, kaskazini mwa Kenya, wakawaamuru Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu walikataa. Mmoja wao, Salah Farah, mwalimu wa shule ya msingi, alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Kisa hicho kilifanywa filamu ya dakika 22 iitwayo Watu Wote, lugha zake Kiswahili na Kisomali, nayo ikafika katika orodha ya mwisho ya tuzo za Oscar za mwaka 2018. Waliotengeneza walikuwa wanafunzi. Ilikuwa kazi yao ya kumaliza masomo, chini ya uongozi wa Katja Benrath. Ni filamu nzuri, nami naisifu. Walakini wanafunzi hao walitoka Hamburg, Ujerumani, ijapokuwa walifanya kazi pamoja na Wakenya. Mwalimu wa Kiafrika anakufa kwa ajili ya abiria wenzake, na habari yake yapaswa kungoja mwanafunzi kutoka Hamburg apande ndege! Simlaumu Mjerumani kwa kuja. Najiuliza sisi tulikuwa tukifanya nini. Wala si kwamba hatuwezi: Wanuri Kahiu wa Kenya alitoa Pumzi mwaka wa 2009, dakika 20 na kidogo, habari za dunia ijayo ambamo maji hupimwa kwa tone, na mwaka uliofuata ikaonyeshwa katika tamasha la Sundance, Marekani.

Nimefika sasa kwenye mabishano yetu. Muhula uliopita wanafunzi wanne wa Kidato cha Tatu, wasichana wawili na wavulana wawili, walitengeneza filamu ya dakika saba. Simu waliyotumia ni yangu, na walipiga picha nikiwapo, maana sheria ya shule haimruhusu mwanafunzi kuwa na simu, nami sina ugomvi na sheria hiyo. Habari yenyewe ni ya msichana wa kutwa. Anaamka gizani. Anakwenda kisimani mara tatu, na kila arudipo na ndoo twamwona kaka yake, mkubwa kuliko yeye, bado amejifunika shuka. Anamvalisha mdogo wake. Anatembea. Korongo limejaa kwa mvua ya usiku, anavua viatu na kuvuka. Anafika langoni na kengele imekwisha kulia. Mwalimu wa zamu, ambaye ni mvulana aliyevaa koti la baba yake lenye mikono mirefu mno, anamwonyesha kidole chini, na msichana anapiga magoti pamoja na wengine. Hapana neno linalosemwa tangu mwanzo mpaka mwisho. Picha ya mwisho ni magoti juu ya kokoto, na maji yanadondoka kutoka pindo la sketi.

Ilionyeshwa mara moja tu, katika chumba cha klabu ya Kiswahili, kwa watu wasiozidi ishirini. Ilipokwisha hapakuwa na aliyepiga makofi kwa muda, kisha msichana mmoja akasema, "Lakini hilo korongo ni letu." Wale wanne wakaomba filamu yao ionyeshwe Siku ya Wazazi. Kamati ikalizungumza jambo hilo na kuliahirisha mpaka mkutano ujao.

Sababu zilizotolewa nazijua, na waliozitoa ni watu ninaowaheshimu. Ya kwanza ni kwamba filamu itaiaibisha shule mbele ya wageni. Mwenzangu mmoja, ambaye amewahi kuwa zamu mara nyingi kuliko mimi, aliniambia, "Mwalimu, filamu ile haikuonyesha kwamba mimi nami niliamka saa kumi, wala kwamba langoni palikuwa na wachelewaji arobaini na mstari unaanza." Maneno yake ni ya haki kabisa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Lakini nasema, na ayaseme mbele ya wazazi! Lori la Vugiri lisingaliweza kumpa mtu nafasi hiyo, tamasha humpa. Filamu ikikwisha, taa ziwashwe, wale wanne wasimame mbele, na mwalimu wa zamu aulize kwa nini hawakumfuata yeye tangu saa kumi kama walivyomfuata yule msichana. Huenda mwaka ujao wakamfuata. Filamu haikumwita mwalimu mkatili. Imeonyesha tu kwamba kamera ilikuwako kisimani na mwalimu hakuwako.

Tena wazazi wanaodhani kwamba lawama yote imewekwa juu ya shule hawajaitazama. Yule kaka chini ya shuka si mwalimu. Nafikiri atakapoonekana kwa mara ya tatu patakuwa na kukohoa kwingi katika safu za mbele.

Sababu ya pili ni mtihani. Hainizuii usingizi. Kila mwaka timu zetu hufanya mazoezi majuma mengi kwa ajili ya UMISSETA, na sijasikia mtu akiuliza kupiga chenga kunatoa alama ngapi katika mtihani wa Kidato cha Nne. Wale wanne walifanya kazi yao Jumamosi mbili na Jumapili moja alasiri. Katika muda huo waliandika habari yao kwanza, wakaifuta, wakaiandika tena, wakabishana kama msichana aseme neno langoni au anyamaze, na walipoamua anyamaze walijua kwa nini. Mwalimu wa insha ajue kwamba hilo ni somo lake, tena gumu.

Yule mzazi aliyeandika kwamba picha za sinema huwafundisha watoto uhuni namjibu kwa heshima kwamba Jumamosi za burudani bwaloni tayari huonyeshwa filamu ndefu za ng'ambo ambamo mtu huuawa kila baada ya dakika nne, na hatujapata barua yake juu ya hizo.

Kwa wanafunzi nina neno moja la tahadhari, kwa sababu wengine wamekwisha kuniuliza habari za kupeleka filamu yao nje. Si kila kiitwacho tamasha ni tamasha. Yako mengine katika intaneti ambayo hayana ukumbi wala watazamaji. Kazi yao ni kupokea kiingilio cha mtengenezaji na kumrudishia picha ya taji la majani aibandike juu ya tangazo lake. Kabla hujamwomba baba yako fedha, uliza filamu itaonyeshwa katika ukumbi gani, tarehe gani, na nani watakaa kitini. Wasipokujibu, nunua daftari.

Mashauri yangu kwa kamati ni haya. Siku ya Wazazi, baada ya chakula, bwalo lifungwe madirisha kwa muda wa saa moja na nusu. Projekta ya shule ipo, na shuka jeupe la bweni latosha. Zionyeshwe filamu fupi tano au sita: Borom Sarret iwe moja, kama wenye haki nayo watatupa ruhusa, nami niko tayari kuiandika barua ya kuomba, na hii ya wanafunzi wetu iwekwe katikati, isiwe ya mwisho, ili isionekane kama kitinda mlo. Baadaye nusu saa iachwe kwa maswali, na mwenyekiti awe mzazi, asiwe mwalimu. Darasa lo lote lenye habari yake liruhusiwe kutengeneza yake kwa mwaka ujao, kwa simu ya mwalimu na mbele ya mwalimu.

Mkutano wa kamati utakuwa kabla ya kufunga shule. Filamu imo katika droo ya meza yangu. Mjumbe ye yote anayependa kuitazama kabla hajapiga kura aje katika chumba cha walimu wakati wa chai; dakika saba zatosha, na kikombe hakitapoa.